Piki inakosea nyuzi? Mwongozo kamili wa kuunyoosha mkono wa kupigia gitaa

Assalaam alaykum wapiga gitaa wa Unguja na Pemba, na wa bara mliomo humu karibuni pia. Hili andiko refu kidogo, lisome na gitaa mkononi, maana ukilisoma umelala kitandani nusu yake utaisahau kabla hujaamka.

Wengi tukianza gitaa macho yote yako mkono wa kushoto. Kodi gani hii (noti kadhaa zinazolia pamoja), kidole kiende freti ya ngapi (vile vyuma vya shingoni mwa gitaa), na mkono wa kulia unaachiwa ujitafutie wenyewe. Mtu anafika anajua kodi zote na skeli (noti zilizopangwa kwa ngazi) tatu nne, lakini akianza solo piki, kile kibapa kidogo cha kupigia nyuzi, inagonga uzi wa jirani, mara inapita hewani, mara inakwama katikati, na dawa anayopewa maskani siku zote ni ile ile, "piga polepole yakhe, itakuja". Sawa, polepole inasaidia, ila polepole ya kitu gani? Mi nnavyoona mkono wa kulia hausumbuliwi na kupiga uzi, hata mtoto wa skuli ukimpa piki atapiga uzi mmoja mara nyingi tu bila kukosa. Unasumbuliwa na KUHAMA, kutoka uzi huu kwenda mwengine. Jirekodi uangalie, karibu makosa yote yanatokea pale pale kwenye kuhama. Kwa hiyo mazoezi yote ya hapa chini ni ya kuhama, na kama unatafuta mazoezi ya kupiga uzi mmoja saa nzima utayakuta kwengine.

Tukubaliane lugha kwanza. Uzi wa 1 ni ule mwembamba wa chini, uzi wa 6 ni mnene wa juu. Nikisema kushuka, piki inaelekea sakafuni, nikisema kupanda, inaelekea darini. Wa mashoto geuza mikono, mengine yote ni sawa.

Kabla hujaulaumu mkono, angalia chombo

Huku kwetu hewa ina chumvi na unyevu, nyuzi zinashika kutu haraka sana hasa ukikaa karibu na pwani. Uzi wenye kutu unaishika piki, unaona kama mkono mzito kumbe uzi ndo unakwaruza. Pitisha kucha taratibu juu ya uzi, ukisikia kama msasa basi badilisha, hakuna zoezi litakalokusaidia. Na kila ukimaliza kupiga futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, kipande cha kanga iliyochakaa kinatosha kabisa, pitisha juu na chini ya kila uzi alafu gitaa lirudi kwenye mfuko wake. Zipo nyuzi zilizopakwa utando wa kuzuia kutu, bei yake ya juu lakini kwa hewa ya huku zinalipa.

Piki sasa. Nyembamba kabisa kama ya milimita 0.46 inapinda kila ukigonga, unapiga leo lakini sauti inatoka kesho, kwa kucharaza kodi ni tamu ila kwa kudonoa uzi mmoja mmoja utateseka bure. Anzia 0.73 mpaka 1.0. Zile Dunlop Tortex zina rangi kwa unene, ya njano 0.73, ya kijani 0.88, ya buluu 1.0, kwa hiyo hata maandishi yakifutika unaijua. Kwa anayeanza kunyoosha mkono mi nampa ya kijani bila kufikiri. Ukikosa kabisa, kata kadi ya benki iliyokwisha muda au kadi ile kubwa inayobeba laini ya simu, piga msasa kingo mpaka ziwe laini, inafanya kazi vizuri tu. Ila usibadilishe piki kila siku wakati unajifunza, mkono unazoea urefu na ugumu wa piki moja, ukibadilisha unaanza upya kupima.

Joto nalo. Vidole vinatoka jasho, piki inateleza na kuzunguka mkononi, na ikizunguka tu ncha inahama na kipimo chote kimeharibika. Kuna wanaotoboa tundu katikati ya piki, kuna wanaochora michoro kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto ili nyama ya kidole ipate pa kushika. Mi napenda ya michoro. Kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri kabla ya kuanza pia ni dawa, watu wanaidharau tu.

Kukaa: kama unapigia barazani au juu ya kiti kigumu haina tabu. Ukikaa kwenye mkeka umekunja miguu, gitaa linalala na kiwiko kinaning'inia bila msaada, alafu unashangaa kwa nini ukiwa umesimama na mkanda kila kitu kinabadilika. Funga mkanda hata ukikaa, ufupishe mpaka gitaa libaki pale pale ukisimama au ukikaa. Hiki kitu kidogo lakini kinaokoa nguvu nyingi.

Hatua ya 1: jipime

Chukua simu, iegemeze mahali ikuangalie mkono wa kulia kwa karibu. Mkono wa kushoto uweke juu ya nyuzi zote bila kukandamiza, ziwe zimekufa, zinatoa "tk tk" tu. Fumba macho. Piga uzi wa 4 mara nne, hamia wa 2 mara nne, hamia wa 5, hamia wa 1, rudi wa 3. Usiangalie. Alafu tazama video na uandike pembeni ulikosea wapi, unaelekea chini au unaelekea juu? Ulipitiliza au hukufika? Wengi wakielekea nyuzi nyembamba hawafiki, na wakielekea nyuzi nene wanapitiliza, lakini wewe usiniamini mimi, iamini video yako. Hiyo video usiifute, utaihitaji kulinganisha baadae.

Hatua ya 2: kushika

Kunja kidole cha shahada, laza piki juu ya pembeni ya kiungo cha mwisho, gumba lije juu. Ncha inayotoka nje iwe kama milimita 3 mpaka 5, si zaidi. Ncha ikiwa ndefu sana piki inazama ndani ya nyuzi na kutoka inakuwa kazi. Nguvu ya kushika iwe kama fundi anavyoshika sindano akishona kofia, imara lakini mkono haujakaza, maana akikaza tundu zote zinakwenda upande.

Piki usiigongeshe bapa kwenye uzi. Igeuze kidogo ili ukingo wake ndo uguse kwanza, nyuzi 20 hivi mpaka 30 (nyuzi za pembe hizo, sio za gitaa). Ikiwa bapa inakwama, ikiwa imegeuka inateleza. Ukiigeuza kupita kiasi sauti inakuwa ya kukwaruza hasa kwenye nyuzi nene zilizozungushiwa waya, basi rudisha kidogo. Na ncha iingie ndani ya uzi milimita moja au mbili tu. Hii ya kina cha piki nnairudia kwa sababu ndo chanzo cha nusu ya matatizo ninayoyaona kwa vijana, wanachimba.

Hatua ya 3: mkono upate pa kuegemea

Mkono unaoelea hewani hauna kipimo, hauwezi kujua uzi wa 3 uko wapi kwa sababu haujui wenyewe uko wapi. Kwa hiyo tafuta egemeo. La kwanza ni ile sehemu ya mkono iliyo chini kidogo ya kiwiko, ilale juu ya ubavu wa gitaa, hili ni la lazima. La pili ni ule ukingo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho, uguse daraja (pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa) kidogo sana, mguso wa kupumzika tu. Wengine wanaegemeza kidole cha mwisho kwenye ubao chini ya uzi wa 1, na kuna walimu wanaokataza kabisa. Mi sikatazi, wapo wapigaji wazuri wa kila namna, lakini kidole kikigandishwa pale kwa nguvu mkono unashindwa kufika nyuzi za juu vizuri. Kiguse, kiteleze.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi. Kutoka uzi mmoja hadi mwengine pale darajani ni kama milimita 10 au 11 tu, na kutoka wa 6 hadi wa 1 ni sentimita tano na kidogo. Ukiwa umegandisha kiganja sehemu moja na kutaka kuzifikia zote kwa kunyoosha kifundo cha mkono peke yake, pembe ya piki inabadilika kila uzi. Kwenye uzi wa 6 unapiga hivi, kwenye wa 1 unapiga vyengine kabisa. Ni kama una mikono miwili. Kinachotakiwa, kifundo kifanye kazi ya kupiga, kiwiko kifanye kazi ya kuhamisha. Mkono mzima unateleza sentimita moja mbili kutokea kwenye kiwiko, pembe inabaki ile ile. Jaribu sasa hivi, piga uzi wa 6 mara nne, telezesha, wa 5 mara nne, mpaka wa 1, na uangalie kifundo, kisipinde zaidi kadri unavyoshuka.

Hatua ya 4: jua piki yako inatokea upande gani

Hapa ndo penye moyo wa mambo, tulia.

Shika noti yoyote kwenye uzi wa 3 na upige shuka-panda haraka uwezavyo kwa sekunde chache, bila kufikiri, kama unatetemesha. Rekodi kwa video ya mwendo wa polepole, simu nyingi siku hizi zinayo. Weka simu upande wa mwisho wa gitaa, iangalie sambamba na nyuzi. Utaona piki haiendi bapa tu mbele na nyuma, ina mteremko. Ama ikipanda inatoka hewani, juu ya nyuzi, na ikishuka inazama kati ya uzi wa 3 na wa 2. Ama kinyume chake, ikishuka ndo inatoka hewani na ikipanda inazama. Wapo ambao inazama pande zote mbili, na wachache inatoka pande zote.

Kwa nini tunajali? Kwa sababu huwezi kuhama uzi wakati piki imezama. Ukilazimisha, inagonga uzi wa jirani, na hilo ndo kosa lako unaloliona kila siku na kudhani huna kipaji. Kama piki yako inatoka hewani ikipanda, basi hama baada ya kupanda. Kama inatoka ikishuka, hama baada ya kushuka. Basi, hiyo ndo siri yenyewe, na ukishaielewa utaona solo fulani zilikuwa rahisi na nyengine hazipigiki ingawa spidi ni moja.

Mfano. Pentatonika (skeli ya noti tano) ya A ndogo pale freti ya 5, kila uzi una noti mbili. Ukianza kwa kushuka inakuwa shuka-panda, hama, shuka-panda, hama. Kila kuhama kunakuja baada ya kupanda. Yule anayetoka hewani akipanda anapita kama maji, yule anayetoka akishuka anagonga gonga. Suluhisho lake ni nini? Aanze kwa KUPANDA. Panda-shuka, hama, panda-shuka, hama. Kitu hicho hicho kimegeuzwa na ghafla kinapigika.

Skeli zenye noti tatu kila uzi ni tabu zaidi maana uzi mmoja unamalizia kushuka, wa pili unamalizia kupanda, inabadilika badilika. Hapo una njia mbili nzuri. Moja, noti mojawapo usiipige kwa piki, igonge kwa kidole cha mkono wa kushoto tu, zibaki noti mbili za piki. Mbili, ukihama kuelekea uzi ulio upande ule ule piki inakokwenda, iache iendelee moja kwa moja, unashuka wa 4 na kushuka wa 3 kwa pigo moja refu bila kurudi. Wapiga udi wengi wanalifanya hili siku zote, uzi mpya wanauanza kwa kushuka na ile risha ndefu (piki ya udi) inapumzika juu ya uzi unaofuata. Django Reinhardt na wapigaji wa jazi ya kijipsi kule Ufaransa wana mkono unaokaribiana sana na huo. Kwa hiyo ukimpata mzee wa udi mjini, kaa upande wake wa kulia umtazame mkono, usimwangalie usoni.

Kama piki yako imezama pande zote mbili, irekebishe. Inua kidogo upande wa gumba, uzito ubaki upande wa kidole cha mwisho, utaanza kutoka hewani ukipanda. Ukitaka kutoka ukishuka, laza kiganja, pande zote mbili za kiganja ziguse daraja. Chagua moja ushikamane nayo mpaka izoeleke, ya pili ije baadae.

Hatua ya 5: nyuzi mbili

Nyuzi zife kwa mkono wa kushoto. Metronomu (kihesabu mdundo) iwe 60, yaani midundo 60 kwa dakika, noti mbili kila mdundo. Apu za metronomu za bure zimejaa, yoyote tu.

Zoezi la kwanza: shuka uzi wa 3, panda uzi wa 2, shuka wa 3, panda wa 2. Hapa piki inazizunguka nyuzi kutokea nje. Zoezi la pili: shuka uzi wa 2, panda uzi wa 3. Hapa inafanya kazi kutokea ndani, katikati ya nyuzi mbili. Wengi la pili linawashinda, na ndo maana hawalifanyi. Lifanye mara mbili ya lile la kwanza.

Ukiona zinatoka safi kwa dakika mbili mfululizo, fungua mkono wa kushoto nyuzi zilie, ndo utasikia uchafu wote uliokuwa umefichika. Hamia nyuzi 5 na 4, alafu 2 na 1. Usifikiri ukiweza za katikati umeziweza zote, nyuzi nene zinaisukuma piki zaidi.

Baada ya hapo kuruka: 4 na 2, 5 na 3, 5 na 2, mwisho 6 na 1. Kwenye kuruka watu wanaruka juu sana, piki inapaa sentimita mbili kama inavuka ukuta. Inatakiwa ipite chini chini tu juu ya ule uzi wa katikati.

Hatua ya 6: kodi noti moja moja

Shika A ndogo. Piga nyuzi kwa mpangilio 5, 4, 3, 2, 1, 2, 3, 4, kwa shuka-panda bila kuvunja. Huu mzunguko mdogo una kila aina ya kuhama ndani yake, ukitoka wa 5 kwenda wa 4 unazunguka kwa nje, ukitoka wa 4 kwenda wa 3 ni kwa ndani, alafu unarudi. Badilisha kwenda C, ni vidole tu vinabadilika mkono wa kulia hauna habari. Ukitaka mwendo wa sita kwa nane kama ngoma nyingi za huku, fupisha, 5, 4, 3, 2, 3, 4, na uweke mkazo kwenye noti ya kwanza na ya nne.

Kwa anayepiga gitaa kavu (lisilo la umeme) kwenye harusi au kikundi cha mtaa hili zoezi moja likikaa mkononi nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya 7: kucharaza kwa kulenga

Kucharaza nako kuna shabaha, sio kufagia nyuzi zote sita kila kodi. D ni nyuzi nne, C na A ni tano, G na E zote sita. Fanya hivi: piga uzi wa besi peke yake, alafu charaza nyuzi 3, 2, 1 tu. Kwenye C besi iwe uzi wa 5 na mara inayofuata wa 4. Kwenye G wa 6 alafu wa 4. Kwenye D wa 4 alafu wa 5 ukiwa wazi. Polepole, bila kuangalia mkono. Ukisikia uzi wa 6 unanguruma ndani ya D umekosa shabaha, rudia.

Na kuziba ni sehemu ya shabaha, watu wanasahau. Nyuzi nene ambazo hupigi zizibwe na ukingo wa kiganja cha kulia, nyembamba zizibwe na ubapa wa kidole cha shahada cha kushoto. Piki inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukasikika mchafu kwa sababu nyuzi nyengine zinalia zenyewe, hasa gitaa la umeme likiwa na sauti kubwa.

Spidi, na kwa nini polepole peke yake inadanganya

Njia ya kawaida: anzia 60, ukipiga safi mara nne mfululizo ongeza 4, ukikosea mara mbili rudisha 8. Nzuri hiyo, ifuate. Ila ina tundu. Ukienda polepole sana unaweza kutumia mwendo ambao haupo kwenye spidi, mfano unasogeza piki kwa vidole, au unainua mkono mzima kila noti, na metronomu haitakwambia. Unafika 90 unagonga mwamba wiki nzima, kumbe mwendo wenyewe uliojifunza hauwezi kwenda zaidi ya hapo hata ukilia.

Kwa hiyo kila siku kabla ya mazoezi ya polepole fanya milipuko midogo. Noti nne haraka sana na kuhama uzi mmoja, alafu simama. Pumua. Tena. Usijali usafi saa hiyo, sikiliza mwili, kiungo gani kinacheza, kifundo, au mkono unazunguka, au kiwiko. Alafu ukirudi polepole tumia kiungo hicho hicho, mwendo ule ule uliopunguzwa tu. Noti nne kila mdundo kwenye 120 ni noti nane kwa sekunde, nyimbo nyingi za dansi na taarab haziitaji hata hizo, kwa hiyo usijiue na spidi za mitandaoni.

Umeme ukikatika wengi wanaendelea na gitaa la umeme bila ampu (kipaza sauti chake), na ni muda mzuri tu, lakini angalia, gitaa likiwa halisikiki unaanza kulipiga kwa nguvu bila kujua, piki inazama, na umeme ukirudi kila kitu kinapiga kelele. Piga kwa nguvu ile ile ya siku zote, hata kama husikii vizuri. Au chukua gitaa kavu.

Ukihisi maumivu kwenye kifundo au yanapanda mkononi, acha siku hiyo. Uchovu wa misuli sawa, maumivu makali au ganzi hapana.

Kuyapeleka kwenye muziki

Mazoezi matupu yanachosha, na mkono unaweza kuwa hodari wa zoezi ukashindwa nyimbo. Hapa sisi wa visiwani tuna bahati. Kwenye vikundi vya taarab asilia kama Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, na Culture Musical Club, fidla, kanuni, udi na akodiani vinakwenda melodi moja kwa pamoja, kila mmoja na mapambo yake. Weka rekodi, tafuta melodi ya ule muziki wa mwanzo kabla mwimbaji hajaingia, ipige kwenye gitaa sambamba nao. Ukikosa uzi mmoja tu fidla zote zimeshakuacha na unajisikia mwenyewe, hakuna mwalimu mkali kuliko huyo. Apu nyingi za kuchezea muziki zinapunguza spidi bila kubadilisha sauti, anza asilimia 60 na upande. Kabla ya kupiga, amua kila kuhama kutatokea baada ya pigo gani kulingana na mkono wako (rudi hatua ya 4), andika kwenye karatasi kama inabidi. Na usibadilishe badilisha, mpangilio wa piki ukishauchagua kwa melodi fulani ubaki huo huo kila siku.

Anayeweza kufika darasani, Dhow Countries Music Academy ilianza 2002 hapo Mji Mkongwe na inafundisha vyombo vya taarab na vyenginevyo. Na Februari kwenye tamasha la Sauti za Busara wenye magitaa kutoka Afrika nzima wanashuka hapa, nenda mapema usimame upande wa mpiga gitaa, uangalie mkono wa kulia tu kwa wimbo mzima. Wakongomani hasa. Utashangaa mkono unavyotembea kidogo.

Ratiba, kwa mtu mwenye kazi au masomo: dakika 20 kwa siku zinatosha, baada ya isha nyumba ikitulia. Tatu za kupasha mkono na milipuko, saba za nyuzi mbili na kuruka, tano za kodi noti moja moja, tano za melodi. Kila Ijumaa rudia ile video ya hatua ya 1 macho yamefumbwa. Siku huna muda fanya zoezi la ndani la nyuzi mbili peke yake, hilo usiliache.

Matatizo yanayorudi rudi

Piki inazunguka mkononi: ncha ndefu mno au unagonga kwa nguvu kupita kiasi, punguza kina kwanza kabla ya kununua piki mpya.

Unakosa ukisimama tu: mkanda mrefu, ufupishe.

Uzi wa 1 unaukosa kila mara: kiganja kimebaki juu kwenye nyuzi nene, kiwiko hakijateleza.

Kushuka kuna sauti kubwa, kupanda hakusikiki: piki imelala sana upande mmoja. Isimamishe kidogo, alafu piga uzi mmoja ukianza kwa kupanda, mkazo uwe kwenye kupanda, dakika moja tu kwa siku.

Mikono haiendi pamoja: hapo mkono wa kulia unaweza kuwa hauna kosa. Ua nyuzi, piga kipande kile kile kwa mkono wa kulia peke yake. Kikitoka sawa basi mshitakiwa ni wa kushoto, anachelewa kufika freti, na hilo ni somo jengine.